Vipimo vya Daraja la Maji

Binti yake Derek aliniomba niseme maneno machache juu ya kazi ya baba yake. Tulikuwa watu kama thelathini katika ukumbi wa mahali pa kuchomea maiti, nje kidogo ya Croydon, wengi wakiwa wazee waliovaa makoti meusi yenye harufu ya kabati, na Mwafrika nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa, nina karatasi mfukoni yenye mistari kumi na miwili. Nikasimama, nikasema kwamba Derek Pell alikuwa mhandisi wa madaraja na kwamba yote ninayoyajua kuhusu kupima nilijifunza kwake, kisha sauti ikakatika, nikarudi kuketi. Waliokuwa karibu nami walinipapasa bega. Walidhani ni huzuni tu. Huzuni ilikuwapo, lakini kilichonikatiza ni kwamba mistari ile yote haikuligusa jambo lenyewe, na jambo lenyewe halisemeki mbele ya jeneza kwa dakika tatu. Nina miaka hamsini na mitatu sasa. Nina ofisi yangu, na wanaofanya kazi chini yangu huniogopa kidogo kwa sababu siweki sahihi kwenye kitabu cha vipimo kabla ya kukipitia mstari kwa mstari, hata kama aliyepima amekuwa nami miaka kumi. Hawajui nilikoitoa tabia hiyo. Niliitoa katika mwaka mmoja, miaka miwili kabla ya ile elfu mbili, nilipokuwa mchoraji katika ofisi ya Derek na tulipokuwa tukipanga kulirudishia maji daraja lililokauka.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba ya matofali huko Thornton Heath, nyuma ya maduka ya barabara kuu. Dirisha langu lilitazama reli, na treni ilipopita kikombe kilitembea polepole juu ya meza. Chumba cha chini alikaa Mama Neema, mwenyeji wa Uvira, pamoja na binti yake wa miaka tisa, na jiko lilikuwa letu sote. Mimi ni Mtaita, nimesomea Mombasa, na Kiswahili chetu kilikutana katika jiko lile kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Mimi nilisema ugali, yeye bugali. Mimi nilisema kisamvu, yeye sombe, na aliinunua imeganda kama tofali katika duka la Waghana, akaipika kwa mafuta ya mawese mpaka mapazia yote yakanuka. Neema alituelewa sisi wawili na kutujibu kwa Kiingereza. Asubuhi Mama Neema alisafisha ofisi za Croydon, na ili afike huko alilazimika kulipita lile jengo kubwa la uhamiaji ambamo faili lake lilikuwa limelala. Alinieleza kwamba akifika hapo huangalia viatu vyake. Nyaraka zake alizitia katika bahasha ya plastiki juu ya kabati la sahani. Niliishi naye miezi minane kabla sijamwomba anionyeshe kilichokuwamo, na hilo nalo ni miongoni mwa mambo ninayojilaumia.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya nne, na chini yake barabara ilikuwa imepasuliwa kwa ajili ya reli za tramu, hivyo mchana kutwa tulisikia mashine za kuvunjia lami. Tulikuwa watano. Mwenye kusimamia biashara alikuwa Colin, mtu wa haraka, mwenye simu mbili na moyo usio mbaya. Derek alikuwa mkuu wa michoro na mahesabu, amekaribia kustaafu, mrefu, anazungumza kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Jina langu Wakesho lilimshinda, akaniita Wakisho mpaka mwisho. Mimi nami sikuweza kumwita Derek kavukavu, mtu wa rika la baba yangu. Nikajaribu Bwana Pell, akakataa. Siku moja likaniponyoka neno Mzee. Akauliza maana yake. Nilipomweleza, akafikiri, akasema, "Hilo linatosha."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pembeni mwa London kulikuwa na mfereji wa mashua, uliochimbwa zamani za kubeba makaa na nafaka, ambao ulikuwa umeachwa ukauke na kuota magugu. Wapenzi wa mifereji walikuwa wameunda chama, halmashauri ikawasikiliza, na sasa ilitakiwa maji yarudi. Tatizo lilikuwa mahali pamoja, pale mfereji ulipokutana na bonde la mto mdogo. Hapo mjenzi wa zamani aliupitisha mfereji hewani, juu ya matao matatu ya matofali, mto ukapita chini na mashua zikapita juu. Ofisi yetu iliombwa ipange namna ya kuliokoa daraja lile, au iseme kwamba haliokoleki. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kulikarabati kama lilivyokuwa na kulitandika upya udongo wa mfinyanzi uliokandwa, ambao ndio uliozuia maji yasivuje. Ya pili ni kubomoa sehemu iliyochoka na kuweka hori la zege. Colin aliipenda ya pili kwa sababu inahesabika. Derek alisema hawezi kupenda wala kuchukia chochote kabla hajajua yule wa kwanza alifikiri nini.

Ndipo akaagiza nakala za michoro ya zamani kutoka katika hifadhi ya nyaraka, na mwezi mzima wa Januari tulizisoma. Alizitandaza kwenye meza kubwa, akazigandamiza pembe kwa vikombe, akala mkate wake wa jibini na kitunguu akiwa amesimama. Nilikuwa nikidhani mpango ni kitu anachokitoa mtu kichwani kikiwa kizima. Karatasi zile zilinionyesha mtu anayehangaika. Kwanza alitaka kuziteremsha mashua kwa ngazi za maji, yaani vyumba vya malango vinavyojazwa na kumwagwa, mpaka mtoni na kuzipandisha upande wa pili, kisha akaacha, kwa sababu kila mashua ingekunywa maji ya mto, na kulikuwa na vinu vya nafaka vilivyoyategemea maji hayo. Kisha akachora hori la mbao juu ya nguzo za miti, akalikata kwa mistari miwili. Kisha matao mawili mapana. Mwisho matao matatu, na nguzo ya mashariki akaisogeza hatua kadhaa kutoka pale alipoiweka mara ya kwanza. Derek aliweka kidole hapo. "Ardhi ilikuwa laini," alisema. "Alichimba, akaona, akahama. Hakuona haya kuhama." Ndani ya kuta, juu ya nguzo, mtu yule alikuwa ameacha vyumba vitupu visivyo na mlango, ili daraja lisibebe uzito wa bure. Aliyetembea pale juu asingejua kamwe kwamba anatembea juu ya vyumba. Mimi nilikulia mahali ambapo bomba kubwa la maji lilipita mbele yetu likielekea Mombasa, nasi tukichota kisimani kwa ndoo. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekaa mezani akachora mstari ule na alikuwa akimfikiria nani. Januari ile nilianza kujiuliza.

Jioni nilimsimulia Mama Neema, naye alicheka. "Maji inapita juu ya maji? Na mashua ikipita na mizigo yake, ile daraja haianguke?" Nikampa jibu nililopewa na Derek, kwamba mashua husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo daraja halijui kama mashua ipo au haipo. Hakuamini. Tukajaza beseni maji mpaka ukingoni, tukaliweka juu ya sinia, tukaweka bakuli lenye vitunguu lielee, na maji yaliyomwagika Neema akayapima kwenye mizani ya jikoni. Yalikuwa sawa na bakuli, kasoro ya yale yaliyolowesha sinia. Mama Neema alilitoa bakuli majini. "Bon," alisema. "Kumbe kuna vitu vizito haviongeze uzito." Neema akasema kitu kwa Kiingereza kuhusu vitunguu vyake kulowa, tukacheka wote watatu. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu hakikufuatiwa na vingine vingi.

Februari ilibidi tulipime daraja. Mke wa Derek alikuwa amelazwa hospitalini kwa ugonjwa uliokuja kumwondoa mwaka uleule, na Derek alikuwa akija kazini nusu siku. Aliniambia niende peke yangu. Nitumie darubini ya kupimia usawa, ile yenye miguu mitatu, na mtu mmoja wa chama cha mfereji anishikie mti wa kupimia, uliochorwa namba za mita. Mtu huyo alikuwa Ron, tarishi mstaafu aliyepita miaka sabini. Kupima kwa namna ile kuna sharti moja. Ukianza mahali fulani, unapita nguzo hata nguzo, halafu unarudi mpaka pale ulipoanzia. Usawa wa mwisho ukifanana na wa kwanza, umefunga mzunguko na vipimo vyako ni kweli. Usipofanana, kuna mahali umekosea. Tulianza asubuhi. Saa nane mchana mvua ya baridi ikaanza, na tulipofika ng'ambo ya mashariki Ron alikuwa akitetemeka hata mti unacheza mkononi mwake. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Mzee wangu, nenda nyumbani," nilimwambia. Aliniuliza kama tumemaliza. Nikasema tumemaliza. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, na uamuzi ule siujutii.

Ninaoujutia ni wa kwenye treni. Nilikaa pembeni ya dirisha, kitabu cha vipimo kikiwa magotini, na safu ya kurudi ilikuwa tupu. Ningeweza kuiacha tupu. Ningeweza kumwambia Derek kesho yake kwamba mvua ilitukatiza, tungekwenda siku nyingine. Lakini kibali changu cha kazi kilikuwa kinakaribia kwisha, ofisi ndiyo iliyotakiwa kuniombea kingine, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu. Sikutaka kurudi na kazi nusu. Nikachukua penseli, nikatunga namba za kurudi. Nilizitofautisha kidogo na zile za kwenda, milimita moja hapa, mbili pale, ili zifanane na namba za mtu aliyesimama kwenye mvua. Nilipofika Thornton Heath mzunguko ulikuwa umefungwa.

Nilipochora, nguzo ya mashariki ilionekana imezama sentimita thelathini na nne chini ya mwenzake. Derek aliuangalia mchoro akiwa bado amevaa koti, ametoka hospitalini.

"Thelathini na nne?" aliuliza.

"Ndivyo inavyoonyesha, Mzee."

"Umefunga mzunguko?"

"Nimefunga."

Akakifungua kitabu changu, akapitisha kidole kwenye safu ya kurudi, akakifunga. "Ajabu," alisema. "Imezama kiasi hicho na haikupasuka." Wiki iliyofuata aliniuliza tena, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, kama nina hakika kwamba nimefunga. Nikasema ndiyo mara ya pili. Ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Mwezi Mei ripoti ikatoka. Ilisema kwamba nguzo ya mashariki imezama kupita kiasi, kwamba tao lililo juu yake halifai kuaminiwa, na kwamba njia salama ni kulibomoa na kuweka zege. Derek ndiye aliyeiandika, na sijawahi kusoma maandishi yake yaliyokosa raha kama yale. Halmashauri ikapanga kukaa mwisho wa Julai kuipitisha.

Mapema mwezi wa Julai Colin aliniagiza ninakili upya mchoro mmoja wa zamani, ubandikwe ukutani siku ya kikao, watu waone daraja lilivyokusudiwa. Kunakili ni kazi ya mkono, jicho linabaki huru. Nilipokuwa nikiufuata ukingo wa ukuta niliona mkanda wa mawe uliopita juu ya matao yote matatu kutoka mwanzo hadi mwisho, umechorwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilisimama. Nikaenda kutafuta picha tulizolipiga daraja siku ya kupima. Mkanda ulikuwapo, jiwe kwa jiwe, mnyoofu kama rula, kutoka magharibi hadi mashariki. Nguzo iliyozama sentimita thelathini na nne ingeuvunja mkanda ule. Nikakifungua kitabu changu cha Februari. Hapo tulipovuka mto, mstari wa saba, nilikuwa nimeandika moja nukta moja mbili, na kando yake kulikuwa na alama ya tone la mvua. Nilikumbuka mti ukicheza mikononi mwa Ron. Ilipaswa kuwa moja nukta nne mbili. Namba moja ya mvua, na kuificha ilikuwa kazi yangu mwenyewe. Ningefunga mzunguko kweli, ningeiona siku ileile.

Nilikaa siku nne bila kusema. Nilijiambia kwamba daraja ni matofali, kwamba zege nalo litabeba maji, kwamba watu wa halmashauri hawatajua tofauti. Nilihesabu wiki zilizobaki kwenye kibali changu. Siku ya nne, Jumapili mchana, niliingia jikoni nikamkuta Mama Neema ameketi na ile bahasha ya plastiki mapajani, Neema amesimama nyuma yake amemshika bega. Barua ilikuwa imekuja. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa.

"Wanasema mimi ni muongo," alisema. "Nisomee vizuri, dada. Neema amenisomea, lakini ni mutoto."

Nikasoma. Walisema kwamba mwaka aliodai kukimbia haulingani na umri wa mtoto wala na mambo mengine aliyoyaeleza, na kwa hiyo maelezo yake yote hayaaminiki. Nikatoa maelezo yenyewe kutoka kwenye bahasha, yaliyoandikwa kwa Kiingereza katika chumba cha wakili fulani ambaye baadaye alifunga ofisi. Mwaka ulioandikwa pale ulitangulia mwaka halisi kwa miaka mitatu.

"Wewe uliwaambia mwaka gani?"

Akautaja mwaka wa kweli bila kusita. Halafu akaniangalia. "Ule mutu wa kutafsiri, siku wakili alimuuliza tena, alisimama kidogo. Akaangalia karatasi yake. Nilimuona, Wakesho. Alijua kama amekosea. Alikuwa na kazi ingine ya kukimbilia, sijui. Akasema ni sawa, andika." Akaikunja barua kwa uangalifu kama kitu cha kurudishwa dukani. "Kukosea, kila mutu anakosea. Lakini alijua, akanyamaza."

Neema akaniuliza, na kwa mara ya kwanza akaniuliza kwa Kiswahili, kwa nini ninalia mimi wakati barua ni ya mama yake.

Kesho yake Derek alifika saa tano. Nilimsubiri avue koti. Kisha nikaweka mbele yake kitabu cha vipimo, picha na mchoro nilionakili, nikabaki nimesimama.

"Mzee, sikufunga mzunguko."

Alidhani hajasikia. "Samahani?"

"Mwezi wa pili. Ron alikuwa mgonjwa kwa baridi, nikamrudisha nyumbani. Hizi namba za kurudi nilizitunga kwenye treni. Na hii hapa, mstari wa saba, niliisoma vibaya. Nguzo haijazama."

Alivaa miwani. Akatazama mkanda wa mawe kwenye mchoro, akautazama kwenye picha, akarudi kwenye mchoro.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu kwamba hayawezekani. Nikaamua kuyaamini maandishi yako." Akavua miwani. "Kosa la kusoma ningelitarajia. Ungeniambia siku ileile ningekukaripia, halafu tungekwenda kula. Hili lingine sijui nilifanye nini."

Jumamosi tulikwenda wote wawili, na Ron akaja, amevaa makoti mawili ingawa ilikuwa kiangazi. Derek alisimama kwenye darubini, mimi nikaandika, na hatukusemezana isipokuwa namba. Tulikwenda, tukarudi, tukafunga kwa tofauti ya milimita mbili. Nguzo ya mashariki ilikuwa chini ya mwenzake kwa sentimita nne, na chokaa kati ya matofali ilionyesha kwamba ilishuka hivyo zamani, pengine wajenzi wakiwa bado juu ya jukwaa, kisha ikatulia. Daraja lilikuwa zima.

Colin aliposikia aliketi kwanza. Kisha akasema tuseme kifaa kilikuwa na hitilafu. Vifaa hupata hitilafu, alisema, hakuna atakayeumia, na msichana ana kibali chake cha kuangalia. Alisema hivyo kwa kunihurumia, na sitasahau kwamba alinihurumia. Derek alitikisa kichwa. Aliandika barua kwa halmashauri kwamba vipimo vya ofisi havikufungwa inavyotakiwa, kwamba yeye alipaswa kuvikagua na hakuvikagua, na kwamba ripoti yake ifutwe. Jina langu halikuwamo. Nilikwenda kikaoni nikaketi nyuma. Alipoisoma, mzee mmoja wa chama cha mfereji alisimama akamwelekezea kidole. "Mlikuwa tayari kutubomolea!" Derek akajibu, "Ndiyo, tulikuwa tayari," akaketi. Wiki mbili baadaye kazi ile tulinyang'anywa, wakapewa wengine.

Watu hupenda kusikia kwamba baada ya kuungama mambo hutengemaa. Derek hakunifukuza, wala hakunisamehe haraka. Miezi mitatu hakunionyesha mchoro wowote. Alinipa kazi za kunakili majina ya mitaa. Mkate wake aliula mezani kwake, amegeukia dirishani. Mke wake alifariki vuli ile, nikaenda mazishini, akanishika mkono kama alivyowashika wengine. Aliporudi kazini kwa wiki zake za mwisho kabla ya kustaafu alileta kiti, akakiweka kando ya meza yangu, akasema kwamba hospitalini alikuwa na muda mwingi wa kufikiri. "Mimi nilikuuliza mara mbili kwa sababu nilijua," alisema. "Nilitaka uniambie ndiyo, ili nisiende kupima mwenyewe. Nilitaka kwenda hospitalini." Hatukulizungumza tena.

Ofisi haikuwa na kazi ya kuniombea kibali kingine. Derek aliniandikia barua ya kunipendekeza kwingine, na ndani yake alieleza kila kitu, namba nilizotunga na asubuhi niliyoyasema. Nilipoisoma niliona ameniua. Nikaomba kazi katika ofisi mbili bila kuiambatanisha, zote zikanikataa. Ya tatu niliipeleka. Mwanamke aliyenihoji aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Haya ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akanipa kazi, na mwaka wa kwanza alikagua kila mstari wangu.

Na Mama Neema? Jumapili ileile ya barua nilikaa naye mezani, nikayasoma maelezo yake yote, sentensi moja moja, kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia. Tulikuta makosa matano. Tulitafuta wakili mwingine, rufaa ikachukua karibu miaka mitatu, na katika miaka hiyo nywele zake za mbele ziligeuka nyeupe. Alipopata karatasi zake walimpa nyumba Thamesmead, na yuko huko hadi leo. Neema ni muuguzi. Ananijibu kwa Kiingereza bado.

Daraja lilijazwa maji miaka kadhaa baada ya ile elfu mbili. Walilikarabati kwa udongo uliokandwa kama lilivyokuwa, na vipimo walivyotumia ni vile vya Jumamosi yetu, ingawa karatasini palikuwa na jina la ofisi nyingine. Derek alinipigia simu, tukaenda pamoja. Juu kulikuwa na bendera, bendi ya shule na meya mwenye mkufu. Nilidhani tutapanda kuangalia mashua ya kwanza ikivuka. Yeye aliteremka bondeni kwa fimbo yake, polepole kwenye nyasi zilizolowa, mpaka chini ya tao la mashariki, nami nikamfuata. Tulisikia bendi, kisha kimya, kisha makofi, tukajua mashua iko juu ya vichwa vyetu. Derek aliweka kiganja kwenye matofali ya nguzo, akakipandisha mpaka mkono ulipofika mwisho, akakishusha, akapapasa kila mshono wa chokaa kama mtu anayetafuta joto kwenye paji la mgonjwa. Alikaa hivyo mpaka bendi ikaanza tena. Kisha akakigeuza kiganja, akakitazama, akaninyooshea nikiguse.

"Kavu," alisema.

Nikakigusa. Kilikuwa kikavu.